Mipaka mbadala ya Austria-Hungaria: ramani niliyoichora nikaifuta

Mleta mada ameuliza swali ambalo nimeishi nalo kwa muda mrefu: kama Austria-Hungaria, dola ya nusu mbili, moja ya Austria chini ya Vienna na nyingine ya Hungaria chini ya Budapest, ingegawanywa upya kabla ya vita vya 1914 kwa kufuata lugha za watu wake, mipaka ingepita wapi? Ameweka na ramani yake yenye majimbo 11, kila lugha na rangi yake. Naomba nijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu ramani hiyo niliwahi kuichora mwenyewe, karibu mstari kwa mstari, kisha nikaifuta.

Kwa kazi mimi ni mpima ardhi. Nilipokuwa masomoni Vienna kwa miaka miwili, Jumamosi moja nilinunua kwenye soko la mitumba la Naschmarkt noti kuukuu ya krone 20 ya mwaka 1913. Upande mmoja imeandikwa Kihungaria peke yake. Upande wa pili ni Kijerumani, na pembeni, kwa herufi ndogo za kubana macho, thamani ya noti imerudiwa kwa lugha nane: Kicheki, Kipolandi, Kirutheni (ambacho leo ndicho Kiukraine), Kiitalia, Kislovenia, Kikroatia, Kiserbia na Kiromania. Nilitafuta Kislovakia nikakikosa. Waslovakia walikuwa kama milioni mbili, lakini waliishi upande wa Hungaria, na upande huo haukukubali lugha nyingine ionekane kwenye fedha. Waromania waliandikwa kwa sababu wenzao wachache walikuwa Bukovina, iliyokuwa chini ya Vienna; wale wengi wa Transylvania, upande wa Hungaria, wasingepata hata neno moja. Juu ya maandishi yote hayo kuna muhuri mwekundu uliopigwa kwa wima baada ya dola kuvunjika: DEUTSCHÖSTERREICH, yaani Austria ya Wajerumani. Noti hiyo ilinifundisha mengi kuliko mihadhara kadhaa niliyohudhuria, na nitairudia mbele.

Ramani yangu ya kwanza niliichora kwa matokeo ya sensa ya 1910. Dola ilikuwa na watu wapatao milioni 51. Wajerumani walikuwa chini ya robo, Wahungaria kama moja ya tano, na waliobaki ni makundi tisa makubwa na mengine madogo. Niliipa kila wilaya rangi ya lugha yenye watu wengi, nikaiachia programu iunganishe wilaya za rangi moja, na asubuhi nikawa na nchi nzuri za kuvutia. Nilijiona nimewashinda wanasiasa wa enzi ile. Baadaye kidogo nikaisoma sensa yenyewe, si majedwali yake tu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sensa zilikuwa mbili, na maswali yake yalitofautiana. Budapest waliuliza lugha ya mama. Vienna waliuliza lugha ya mazungumzo ya kila siku, ambalo ni swali la namna nyingine kabisa. Fikiria Msukuma anayefanya kazi Dar es Salaam aulizwe anazungumza lugha gani kutwa kazini na sokoni: atajibu Kiswahili, karani ataandika Kiswahili, na kwenye ramani Msukuma huyo hayupo tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa yaya wa Kicheki aliyeishi nyumbani kwa tajiri wa Kijerumani. Wayahudi waliozungumza Kiyidi hawakuruhusiwa kukitaja, kwa kuwa hakikuhesabiwa kuwa lugha rasmi, hivyo waligawanywa baina ya Wajerumani, Wapolandi na wengineo. Kule Trieste, makarani wa manispaa iliyoshikwa na Waitalia waliwapunguza Waslovenia kwa wingi kiasi kwamba serikali iliamuru hesabu irudiwe, na Waslovenia wakapanda wakafikia karibu 57,000. Mtu anayechora mpaka kwa takwimu hizo lazima ajue kwanza ni nani aliyeshika kalamu.

Shida ya pili ni miji. Ukiitazama ramani ya lugha kwa mbali unaona mabaka mapana, lakini ukisogea karibu unakuta mji una lugha moja na mashamba yanayouzunguka yana nyingine. Lviv ilikuwa ya Wapolandi na Wayahudi katikati ya vijiji vya Warutheni. Trieste ilikuwa ya Waitalia, nao Waslovenia walianzia vitongojini. Ulionishinda kabisa ni Brno, mji mkuu wa Moravia. Mwaka 1910 karibu theluthi mbili ya wakazi wake waliandikwa kuwa Wajerumani, ilhali vijiji vingi vilivyouzunguka vilikuwa vya Wacheki. Mleta mada umeupaka rangi ya Wacheki. Mimi niliuacha kama kisiwa cha Wajerumani. Mwaka 1919 serikali mpya ya Chekoslovakia iliviunganisha vitongoji na vijiji vya jirani na mji huo, na ghafla Wajerumani wakawa wachache bila mtu yeyote kuhama. Kwa mpima ardhi huo ni mfano wa kutundika ukutani: mstari wa manispaa ulisogezwa kilomita chache tu, na lugha ya mji ikabadilika.

Wapo watakaosema kwamba Aurel Popovici alikwisha kulitatua jambo hili. Huyu alikuwa Mromania mzaliwa wa Lugoj, na mwaka 1906 alichapisha mpango wa kuigeuza dola kuwa shirikisho la majimbo 15 yaliyofuata lugha, mpango uliosomwa kwa makini na watu wa karibu wa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti aliyeuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Nauheshimu, kwani alikuwa na ujasiri wa kuikata Hungaria vipande wakati wengine waliogopa hata kuitaja. Lakini tazama anavyohangaika na Wajerumani wa Bohemia, jimbo jirani la Moravia. Walikaa kandokando ya milima, mfano wa ukingo wa sahani, nao Wacheki wakawa katikati. Popovici aliwapa jimbo lao, na wenzao wa Moravia na Silesia jingine. Mwaka 1918, dola ilipokuwa ikianguka, walijaribu kweli kuliunda hilo la kwanza na kuweka makao yake Liberec. Jimbo hilo halikupakana popote na Austria lililotaka kujiunga nayo, na kabla ya mwaka kwisha majeshi ya Wacheki yalikwisha kulitwaa. Kwa hiyo sehemu hiyo ya ramani ilijaribiwa ardhini, nasi tunajua ilidumu muda gani.

Halafu kuna reli, ambayo wachoraji wengi wa mipaka ya kufikirika huisahau. Mkutano wa amani wa Paris haukuisahau. Mpaka wa Hungaria na Romania ulisogezwa magharibi hadi ng'ambo ya reli inayounganisha Arad, Oradea na Satu Mare, kwa sababu bila reli ile upande wa magharibi wa Romania mpya ungekuwa hauna njia ya kutoka kaskazini kwenda kusini. Wahungaria wengi wa miji hiyo walibaki upande wa Romania kwa ajili ya vyuma viwili vilivyolazwa chini. Kule Cieszyn, mwezi Julai 1920, mji uligawanywa kwa kufuata mto Olza: Poland ikapata mji wa kale wenye ngome na soko, Chekoslovakia ikapata stesheni, maana ilihitaji reli ya kwenda Košice. Mji ule ulikuwa na tramu iliyotoka stesheni, ikavuka daraja na kupanda hadi mjini. Mwaka uliofuata tramu ikafa. Nilikwenda huko siku moja nikitokea Vienna, nikashuka stesheni na kutembea kwa miguu njia ile ya tramu. Ni mwendo mfupi sana, na hadi leo stesheni kuu iko nchi moja na uwanja wa soko uko nchi nyingine.

Jambo lililoibomoa kabisa ramani yangu, hata hivyo, ni kura ya maoni ya Carinthia, jimbo la kusini mwa Austria, ya tarehe 10 Oktoba 1920. Eneo la kusini lililopiga kura, kwa sensa ya 1910, lilikuwa na Waslovenia kama asilimia 70. Kwa ramani ya lugha, hapo hapana mjadala: eneo lilistahili kwenda kwenye ufalme mpya wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia. Lakini asilimia 59 walichagua Austria. Maana yake ni kwamba maelfu ya watu waliozungumza Kislovenia nyumbani walipiga kura ya kutokwenda kwa wenzao wa lugha moja. Soko lao lilikuwa Klagenfurt, na kati yao na Ljubljana umesimama mlima Karawanken. Mkulima aliyekwisha kupanda gari la ng'ombe kupeleka maziwa sokoni anaelewa kura hiyo kuliko msomi mwenye kalamu za rangi. Tangu siku niliyoielewa, siamini tena kwamba rangi ya lugha inaweza kukuambia mtu anataka kutawaliwa kutoka mji gani.

Sasa nijibu swali lenyewe. Kwa maoni yangu mipaka iliyofaa kwa upande wa Vienna ilikuwa karibu ileile ya kale: Bohemia, Moravia, Carinthia, Tyrol, majimbo yenye karne nyingi, ambayo barabara, mahakama na masoko yake vilikwisha kuzoeana. Kilichohitajika kubadilika ni namna ya kupiga kura ndani yake. Moravia walilifanya mwaka 1905: wapiga kura waliandikishwa katika madaftari mawili, la Wacheki na la Wajerumani, kila daftari likachagua wawakilishi wake, na mpaka wa jimbo haukuguswa. Karl Renner, mwanasiasa wa kisoshalisti wa Austria, alikuwa amelitetea wazo la jinsi hiyo tangu 1899, kwamba taifa lifuate mtu kama dini inavyomfuata, si ardhi. Bukovina, yenye makabila mengi zaidi, ikafuata njia hiyo miaka michache baadaye. Sisemi mpango huo ulikuwa mtamu. Ulimlazimisha kila mtu awe wa upande mmoja, hata mtoto wa mama Mcheki na baba Mjerumani, na vyama vya kitaifa vilifika mpaka mahakamani kugombea watoto wa shule. Lakini Brno ingebaki mji mmoja.

Upande wa Budapest ndipo nilipo mkali, na ndipo ninaporudi kwenye ile noti. Mapatano ya 1867 yaliwapa viongozi wa Hungaria nusu ya dola waitawale watakavyo, na wenye haki ya kupiga kura huko walikuwa kama asilimia 6 tu ya watu, wakati Austria iliwapa wanaume wote kura mwaka 1907. Katika hali hiyo hakuna mstari ambao ungesaidia, kwa sababu aliyetakiwa kuukubali ndiye aliyekuwa akinufaika na kutokuwepo kwake. Mfalme Karl alipotoa tangazo la shirikisho tarehe 16 Oktoba 1918, lilihusu nusu ya Austria peke yake. Nchi za taji la Hungaria ziliachwa kando baada ya serikali ya Budapest kutishia kuzuia chakula. Waslovakia waliendelea kukosekana kwenye tangazo kama walivyokosekana kwenye noti, na Waromania wa Transylvania nao wakaachwa nje. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 4 Juni 1920, Mkataba wa Trianon uliinyang'anya Hungaria zaidi ya theluthi mbili ya ardhi yake, na Wahungaria zaidi ya milioni tatu wakajikuta nje.

Katika mabishano ya Trianon ilitumika ramani ambayo kila mchoraji wa mipaka aitazame. Pál Teleki, mwanajiografia na mwanasiasa wa Hungaria, aliwapaka Wahungaria rangi nyekundu, milimita moja ya mraba kwa kila watu 100, na milima isiyo na watu akaiacha nyeupe. (Ni wa ukoo mmoja na yule Sámuel Teleki aliyefika ziwa Turkana mwaka 1888 na kulibandika jina la Rudolf, mrithi wa kiti wa Austria wa wakati huo.) Kila kitu kwenye ramani ile ni sahihi, lakini macho yako yanaona wekundu tu, maana Waromania wengi waliishi milimani walikotapakaa, nao wakapewa zambarau hafifu. Mleta mada, kwenye ramani yako Wajerumani ndio wenye nyekundu. Jaribu kuwabadilishia na kijani ulichowapa Warutheni, kisha weka reli juu yake kabla hujahamisha mstari wowote, halafu uilete hapa tuitazame tena.