Kabla ya kumpa Mambo Mbotela barabara

Mhariri, mmeuliza wiki hii: mzee aliyependwa na wengi akifariki, akumbukwe kwa jina la barabara, kwa sanamu au kwa mfuko wa karo? Kwa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio aliyetuaga Februari 7, 2025, nasema hakuna hata moja. Mtu aliyeanzisha kipindi cha adabu cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966 tulimjua kwa masikio. Sanamu ya nini? Tafuteni kanda.

Nasema zile kaseti ambazo watu walirekodi wenyewe redioni, zilizosahaulika kwenye makabati ya Buruburu na Kariobangi, Nairobi. Usiitumbukize kwenye mashine kwa pupa. Vunja kwanza vijino viwili vya mgongoni, asije mtu akabonyeza kitufe cha kurekodi mzee akafutika. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu. Itie kwenye mfuko wake kando, maana ukiicheza itachafua mashine na kuambukiza kanda nyingine. Sauti ikiwa hafifu, angalia kama kile kisponji kinachousukuma utepe kimebanduka, kwa sababu gundi yake hukauka. Fungua skurubu, uhamishie utepe kwenye ganda zima. Za dakika 120 usizipeleke mbele kwa kasi: utepe wake ni mwembamba, huvutika au hujisokota kwenye rola.

Kichwa cha mashine, kile kinachosoma utepe, kisafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi ina maji. Kisha kuna skurubu ndogo kando ya kichwa. Izungushe polepole hadi "s" na "sh" zisikike kali. Hatua hii mafundi wengi huiruka, halafu mtangazaji anasikika kama amejifunika blanketi. Rekodi kwenye kompyuta kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kilohezi 48, biti 24. Saa nzima ya stirio hula gigabaiti moja hivi. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba.

Sasa, kanda ambayo kila mtu ataiulizia ni ya Jumapili, Agosti 1, 1982. Wanajeshi waasi wa jeshi la anga, kiongozi wao Hezekiah Ochuka, walimtoa Mbotela nyumbani Ngara alfajiri, wakampeleka Sauti ya Kenya, redio ya taifa, atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Ochuka alikuwa na mdomo wake, mbona hakutangaza mwenyewe? Kwa sababu nani angemwamini? Walihitaji sauti ambayo nyumba nzima inaijua hata kabla haijataja jina. Siku hiyo hiyo wanajeshi watiifu, chini ya Jenerali Mahamoud Mohamed, wakakikomboa kituo, na msomaji akawa yule yule: serikali ya Nyayo, yaani ya Moi, ingalipo. Matangazo mawili yanayopingana, koo moja, na mara zote mbili wenye bunduki wako karibu. Nani angekataa? Wasikilizaji nao waliamini lipi, la asubuhi au la baadaye? Waliojifungia Eastlands siku ile wanajua kwamba hata baada ya tangazo la pili, kutoka nje haikuwa rahisi.

Hapo ndipo msimamo wangu unalegea. Mwenye simu atakata sekunde 20 za asubuhi ile, azisambaze peke yake, na kijana wa leo atamjua Mbotela kama mtangazaji wa mapinduzi, si kama mzee aliyetufunza adabu. Mimi ninayehimiza kanda zihifadhiwe ndiye nitakuwa nimempa hicho kipande. Kibao cha barabara hakikatwi vipande.

Basi, mkitaka barabara, sitapinga tena, mradi iwe Ngara, na mashimo yazibwe kwanza. Kanda pia zihifadhiwe, ila ile ya 1982 isitolewe nusu: tangazo la asubuhi na la baadaye yakae kwenye faili moja, na jina la faili liseme wazi kwamba alisoma kwa kulazimishwa. Mfuko wa karo waulizeni wengine.