Soli-jeli: panga pH kabla ya kufikiria tanuri

Wanafunzi ninaowaelekeza maabara kutengeneza kioo kwa soli-jeli, yaani kutokana na kimiminika kinachoganda kuwa jeli, huanza na swali la tanuri: tuchome kwa nyuzi ngapi? Mimi huwarudisha kwenye pH, kipimo cha asidi na besi. Kuyeyusha silika, kiungo kikuu cha mchanga na kioo, kwa njia ya kawaida hudai zaidi ya nyuzi 1,700 za Selsiasi. Kwa soli-jeli, mtandao wa silikoni na oksijeni hujijenga ndani ya kimiminika, kwa joto la chumba tu, na moto huja baadaye kukaza kilichokwisha kujengwa.

Chukua TEOS, kimiminika chenye silikoni, na maji, pamoja na ethanoli, kwa sababu viwili hivyo havichanganyiki vyenyewe. Ukitia asidi kidogo, molekuli hupokea maji upesi lakini huungana taratibu, zikafanya minyororo yenye matawi machache. Jeli yake ikikauka hushikamana, na vinyweleo vyake kwa kawaida havizidi nanomita 2. Ukitia amonia, ambayo ni besi, huota chembe za mviringo na mapengo kati yake huwa mapana. Ndivyo Werner Stöber na wenzake walivyopata chembe za silika zinazolingana ukubwa mwaka 1968. Basi ukitaka utando mwembamba wa kupaka, tumia asidi. Ukitaka kitu chenye mianya mipana, besi.

Kazi nyingi huharibika wakati wa kukausha. Jeli ikishaganda, usiifunue. Iache izeeke ndani ya kimiminika chake mpaka uone imebanduka kwenye ukuta wa chombo: hapo mtandao bado unaungana, unajikunja na kukamua kimiminika. Kisha mimi hufunika bika kwa plastiki na kuitoboa vitundu vichache kwa sindano. Kimiminika kinapotoka, uso wake huvuta kuta za vinyweleo, na kinyweleo kikiwa chembamba mara mbili, mvuto huwa mkubwa mara mbili. Ndiyo maana jeli ya asidi hupasuka kirahisi. Samuel Kistler aliukwepa mvuto huo mwaka 1931 kwa kukausha juu ya joto na shinikizo la kikomo, ambapo kimiminika na mvuke havitofautiani tena, akapata erojeli, jeli kavu nyepesi iliyojaa hewa.

Kwa vioo vya kutibu mifupa, moto una neno zaidi. Kalsiamu, inayotiwa kama chumvi ya naitreti, haiingii kwenye mtandao wakati jeli ni mbichi. Huingia ukishapita nyuzi 400 hivi. Panda polepole hadi 600 au 700, naitreti ivunjike yote, maana masalia yake hudhuru seli.