Unataka kujifunza pibgorn? Anza na tete, vidole vitakuja vyenyewe

Watu wakiniona na pibgorn swali la kwanza huwa ni vidole vinakaaje, na mi jibu langu ni lile lile siku zote, achana na vidole kwanza, shughuli yote iko kwenye tete. Ukielewana na tete wiki za mwanzo mengine yanafuata, usipoelewana nalo utapuliza mpaka mishipa ya shingo ikutoke na usisikie kitu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni ala ya kupuliza ya huku Wales, kabomba kafupi ka mti au mfupa, matundu sita mbele na moja nyuma la kidole gumba, chini imevalishwa pembe ya ng'ombe inayofunguka kutoa sauti, juu kuna pembe nyingine ndogo na hapo ndio unaweka mdomo. Ndani ya hiyo pembe ya juu, sehemu ambayo huioni kabisa wakati unapiga, ndio kuna tete. Ni kipande chembamba cha mwanzi kilichoziba upande mmoja, ubavuni kimechanwa kaulimi ambako hewa ikipita kanatetemeka. Midomo yako haigusi tete hata kidogo, unafunika tu pembe na kupuliza, kwahiyo aliyezoea klarineti akija hapa anashangaa, yale mambo yote ya kubana na kuachia kwa midomo hayapo. Kilichobaki mkononi mwako ni pumzi tu.

Sasa tete lina tabia zake. Ukipuliza kidogo sana linanung'unika au linakaa kimya, ukipuliza kwa nguvu sana ulimi unajibana chini na sauti inakatika ghafla, katikati hapo ndio kuna eneo dogo ambalo linaimba vizuri, na eneo hilo ni tofauti kwa kila tete. Mi nakushauri chomoa tete, lipulize peke yake likiwa mkononi, tafuta lile eneo, shikilia sauti moja ndefu isiyoyumba, fungua programu ya kupima noti (tuner) kwenye simu uangalie mshale usicheze. Inachosha, najua, lakini fanya kila siku dakika chache kabla hujarudisha tete mahali pake. Presha ikiyumba noti inahama, na kwenye ala yenye noti nane tu kila noti iliyohama inasikika chumba kizima.

Halafu jifunze kulitibu mwenyewe, usimsubiri fundi. Kwenye tete la mwanzi kuna uzi umezungushiwa pale mzizi wa ulimi ulipo. Ukiusogeza uzi ulimi ukawa mfupi sauti inapanda, ukiurudisha nyuma ulimi ukawa mrefu sauti inashuka. Sogeza kidogo mno, kiasi ambacho hata jicho halioni vizuri, kisha upime tena. Kama ulimi unajibana kila saa, chukua unywele mmoja upitishe chini yake hadi kwenye mzizi, utauinua kidogo na litaanza kupumua. Kama sauti iko juu sana na uzi umegoma, katone ka nta kwenye ncha ya ulimi kanaishusha. Haya sio mambo ya pibgorn peke yake, wapigaji wa begipaipu (ala za kupuliza zenye mfuko wa hewa) zenye matete ya mwanzi wanayafanya karne na karne, kwahiyo ukikosa mpigaji wa pibgorn karibu yako mtafute mtu wa begipaipu atakuelekeza bila shida. Wapo pia mafundi wanaoweka tete la plastiki, na mi sioni ubaya kuanza nalo, haliharibiki na unyevu na unapata muda wa kujenga pumzi. Ila ukishazoea jaribu la mwanzi, sauti yake ina joto ambalo plastiki sijaisikia ikitoa.

Tukija kwenye pumzi. Hapa sisi watu wa pwani tuna mahali pa kushikia. Nimekulia Tanga na yeyote aliyehudhuria ngoma yenye zumari anamjua yule mpigaji, mashavu yamejaa kama ana ubuyu kila upande, sauti haikatiki na wala humuoni akivuta hewa. Anachofanya ni kuweka akiba ya hewa mashavuni, anaisukuma kwa misuli ya mashavu huku anavuta pumzi ya haraka puani, mapafu yakijaa anarudi kawaida. Kwenye pibgorn ni kitu hicho hicho. Chukua glasi ya maji na mrija, puliza mapovu yasikatike, na wakati mapovu yanaendelea vuta hewa kwa pua. Mwanzo mapovu yatakatika kila ukivuta, endelea tu, siku moja mwili utaelewa na baada ya hapo hausahau. Zumari ina tete la nyasi mbili zinazogongana na pibgorn ina ulimi mmoja, hizo ni ala mbili tofauti kabisa, lakini mashavu ni yale yale. Na kama una mzee anayepiga zumari mtaani kwenu nenda kamwangalie kwa karibu, muombe umrekodi, mimi video za mtandaoni zilinisaidia nusu ya vile ambavyo kumkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu kulinisaidia.

Ukishindwa kabisa hiyo pumzi ya mzunguko bado unaweza kupiga, pumua mwishoni mwa sentensi ya wimbo kama mwimbaji, wapigaji wengi wazuri wanafanya hivyo. Wengine wanahamia kwenye pibau cwd, ambayo ni ya ukoo huo huo ila ina mfuko wa kuwekea hewa. Mi ningekwambia usikimbilie mfuko mapema, maana pumzi yako mwenyewe ndio inakufundisha tete linataka nini.

Vidole sasa. Matundu yote yakiwa yamezibwa unapata noti ya chini kabisa, unafungua kuanzia chini moja moja unapanda, gumba la nyuma linamalizia oktevu. Ziba kwa nyama ya kidole, sio ncha, na usikandamize, tundu likivuja hata kidogo noti za chini zinakataa kutoka. Kwa kuwa sauti haikatiki, ukitaka kupiga noti moja mara mbili inabidi uikate kwa kidole kingine, unagusa au kuinua haraka sana kisha unarudi. Hiyo mikato ndio ladha ya ala yenyewe. Ianze taratibu na wimbo mmoja wa dansi, usiongeze spidi mpaka kila mkato usikike safi.

Kuhusu kununua, nunua kwa fundi anayeipiga mwenyewe, umuulize imepangwa kwenye noti gani, ukitaka kupiga na watu wa fidla D au G zitakurahisishia maisha. Zile za kutundika ukutani achana nazo. Ukiipokea toa tete, ziba matundu yote pamoja na upande wa chini, puliza, kama hewa inapita mahali tafuta maungio yake na ongeza uzi uliopakwa nta. Ukimaliza kupiga pangusa unyevu, liache tete likauke nje ya pembe, na usiweke ala karibu na hita wala dirishani kwenye jua. Pembe ni chakula cha wadudu wale wale wanaokula ngozi na sufu, kwahiyo ikae kwenye boksi safi na uiangalie mara kwa mara hata kama hupigi.

Kuna jambo nataka ulijue kabla hujamtafuta mwalimu. Hii ala ni ya zamani sana, sheria zinazohusishwa na Hywel Dda, mfalme wa karne ya 10, zinataja pibau (ala za bomba za kupuliza) pamoja na kinubi na crwth (ala ya nyuzi ya Wales) kati ya ala za wanamuziki wakubwa, na karne ya 18 jaji Daines Barrington aliandika kwamba kisiwani Anglesey kulikuwa na bwana anatoa zawadi kila mwaka kwa mpigaji bora. Baadae ikafifia mpaka mnyororo wa kumrithisha mtoto ukakatika, na waliyoirudisha ni watu wa karne iliyopita waliokwenda kupima zile tatu za kale zilizopo makumbusho ya St Fagans, pembeni tu ya Cardiff, wakachonga upya. Maana yake hakuna mzee anayeweza kusema "sisi tumepiga hivi tangu enzi". Kila mwalimu ana vidole vyake na mikato yake, mwingine kaitoa kwenye begipaipu, mwingine kwenye filimbi. Chagua mmoja ukae naye mpaka mkono utulie, ukianza kuchanganya walimu watatu utachanganyikiwa bure. Mwalimu wangu alinipeleka St Fagans kwanza kabla ya somo lolote na namshukuru sana kwa hilo, ukiziona zile za kale unaelewa hii ilikuwa ala ya vijana wa mashambani, iliyotengenezwa na vitu vya shambani, na unaacha kuiogopa. Clera, chama cha ala za asili za Wales, wanakutanisha watu wa ala hizi, ni mahali pazuri pa kuanzia, na hata kama Kiwelisi hujui watakupokea, mi walinipokea.

Ukianza kwenda kupiga na wenzako, fika mapema. Pembe na tete vikiwa baridi sauti inakuwa sehemu nyingine kabisa, kwahiyo pasha kwa kupuliza taratibu ukiwa pembeni mpaka noti itulie. Kisha waombe watu wa fidla wapange nyuzi zao kukufuata wewe. Wao wanazungusha kigingi sekunde mbili wamemaliza, wewe ukianza kusogeza uzi wa tete mbele za watu utashinda hapo.