Pomboo si mtoto wa nyangumi

Mhariri, wiki hii mmeuliza pomboo na nyangumi wanatofautishwaje, na kama ukubwa peke yake unatosha kumpa mnyama jina. Jibu langu ni kwamba hautoshi, ingawa sisi watu wa pwani tumeutumia miaka yote: anayekizidi chombo huitwa nyangumi, na anayecheza ubavuni mwa mashua huitwa pomboo.

Wataalamu huanzia kinywani. Kundi moja la wanyama hawa halina meno kabisa. Katika taya la juu huning'inia mabamba membamba yaliyopangwa kama chanuo, yenye asili moja na kucha zetu, na hayo ndiyo yanayochuja vijisamaki na vijikamba kutoka majini. Nyangumi wa nundu, Megaptera novaeangliae, anayepanda msimu wa kusi kutoka bahari za barafu kuja kuzaa katika maji yetu ya vuguvugu, ni wa kundi hilo. Kundi la pili lina meno, na pomboo wote wamo humo. Lakini humo humo yumo pia yule nyangumi wa ambari, Physeter macrocephalus, ambaye dume lake hufika mita 16. Kwa hiyo, tukihesabu nasaba, yeye yuko karibu zaidi na pomboo kuliko na nyangumi wa nundu anayekaribiana naye kwa kimo. Na orka, ambaye wengi humwita nyangumi muuaji, ni pomboo hasa, tena ndiye mkubwa wa ukoo huo.

Asiyeweza kumfungua mnyama kinywa na atazame utosini. Mwenye meno ana tundu moja la pumzi, asiye na meno ana mawili. Pale Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mashine ya mashua ikizimwa, pumzi husikika kabla mnyama hajaonekana: mpulizo mfupi wa hewa, kisha mgongo wa kijivu, kisha tundu lile moja likijifumba kabla maji hayajalifikia. Wanaoonekana huko ni wa spishi mbili, Tursiops aduncus na Sousa plumbea, na huyu wa pili alihesabiwa pamoja na jamaa zake wa Asia ya mashariki mpaka alipotengwa mwaka 2014.

Kuhusu wale wanaowaita samaki, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuona kwamba pomboo hupumua kwa mapafu na hunyonyesha, lakini hata Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeainisha viumbe, mwanzoni aliwaweka wanyama hawa pamoja na samaki, akawahamishia kwa wanyonyeshao katika toleo la 10 la kitabu chake, mwaka 1758. Siku hizi tunajua kwamba jamaa yao wa karibu zaidi aliye hai ni kiboko.

Kinyume chake ni potwe wa kisiwa cha Mafia. Yeye ni samaki, papa mwenye matamvua, na mkia wake umesimama wima ukipiga kushoto na kulia, ilhali wa pomboo umelala na hupiga juu na chini. Wageni walimwongezea neno nyangumi kwa sababu ya ukubwa wake, na baadhi yetu tukalitafsiri jina hilo kuwa papa nyangumi. Naomba gazeti lenu liendelee kuandika potwe, kama wavuvi wa Mafia wanavyomwita.