Barua kwa Mwanangu: Daftari la Kufikiria Hesabu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote ulio nao hapo nyumbani. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, kwa kuwa swali ulilouliza ni swali ambalo hata mimi nililibeba kwa muda mrefu ulipokuwa mdogo, nikakosa wa kumuuliza. Umenieleza kwamba mjukuu wangu, ambaye sasa ametimiza miaka 9, huzipata hesabu siku ile ile anapofundishwa, lakini zikipita wiki mbili huwa kama hajawahi kuziona. Mwalimu wake amependekeza awe na daftari la pekee la kuandikia mawazo yake ya hisabati, nawe hujui liandikwe nini, lisahihishwe na nani, wala kama halitakuwa mzigo mwingine juu ya mazoezi anayopewa kila jioni.

Jibu langu ni kwamba umwanzishie, tena wiki hii, lakini kwa sharti moja ambalo ndilo litakaloamua kama daftari litamsaidia au litamchosha: liwe daftari la kufikiria, lisiwe daftari la majibu. Daftari la mazoezi analo tayari, na kazi yake ni kuonyesha kwamba kati ya hesabu 10 amepata 7 na amekosa 3. Hili la pili halihesabu alama. Humo mtoto anaandika alianzia wapi, alikwama wapi, alijaribu njia ipi, na ni kitu gani kilichomfanya aamini kwamba jibu lake ni sahihi. Hesabu moja iliyoelezwa hivyo inatosha kwa siku nzima.

Tuseme ameandika 52 − 37 = 25. Katika daftari la mazoezi hesabu hiyo itawekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu, naye atafuta, atanakili 15 kutoka ubaoni, na kesho yake ataandika 64 − 28 = 44 kana kwamba hakuna aliyemfundisha. Lakini ukimwomba aandike alivyofanya, ataandika maneno kama haya: "Nimetoa 3 kwenye 5 nimepata 2. Nimetoa 2 kwenye 7 nimepata 5." Hapo utaona, mwanangu, kwamba hakukosea kwa uzembe. Anayo kanuni, na anaifuata kwa uaminifu mkubwa: katika kila safu toa namba ndogo kwenye namba kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Pengine aliambiwa zamani kwamba 7 haitoki kwenye 2, akatafuta namna ya kuliheshimu agizo hilo. Mtoto mwenye kanuni mbovu hatibiwi kwa kupewa hesabu nyingine 20 za kutoa, maana kila moja atakayoifanya itazidi kuikomaza kanuni ile ile.

Mwambie achore 52: mafungu 5 ya vijiti 10 na vijiti 2 visivyofungwa. Kisha aondoe 37. Mafungu 3 yataondoka bila taabu, halafu atataka kuondoa vijiti 7 na atakuta viko 2 tu. Usiseme neno. Mwache autazame mchoro wake mpaka mwenyewe aamue kufungua fungu moja. Watoto wengi huambiwa "kopa 1 kwa jirani" wala hawajui ni nani anayemkopa nani, na kama deni hulipwa. Katika mchoro huo hakuna deni lolote, kuna fungu moja la 10 lililofunguliwa. Akimaliza, aandike kwa maneno yake mwenyewe kilichotokea. Baada ya hapo mrudishe kwenye 25 yake ya mwanzo, ajumlishe 25 na 37, aone kwamba zinatoa 62 wala si 52. Siku hiyo atakuwa amejifunza pia namna ya kujikagua bila kukusubiri wewe.

Kwa sababu hiyo, katika daftari hili ufutio hauna kazi. Kilichokosewa kipigwe mstari mmoja, kibaki kinasomeka, na sahihi iandikwe chini yake. Najua jambo hili litakuwia gumu, kwa kuwa nilikulea katika usafi wa daftari, na hapa nina jambo la kukiri kwako. Ulipokuwa darasa la nne uliniletea ukurasa ambao ulikuwa umeandika 1/2 + 1/3 = 2/5, na pembeni ulikuwa umechora duara mbili, moja umeigawa vipande 2 na kutia rangi kimoja, nyingine umeigawa vipande 3 na kutia rangi kimoja. Mimi niliona jibu lisilo sahihi na michoro iliyochafua ukurasa. Nikauchana, nikakuambia uanze upya kwa hati nzuri. Sikuhesabu vipande. Laiti ningehesabu ningeona kwamba vyote ni 5 na vyenye rangi ni 2, na kwamba mtoto wangu alikuwa amefikiri kwa mpango kamili, ila alikuwa amechanganya vipande visivyotoshana kana kwamba ni vya ukubwa mmoja. Swali moja tu lilihitajika: 2/5 ni pungufu ya nusu, sasa umeanza na nusu, ukaongeza, ikawaje ukaishia na pungufu? Sikukuuliza. Tangu siku hiyo sikumbuki kukuona ukichora tena pembeni ya hesabu, na kila ninapoukumbuka ukurasa ule huniuma.

Basi usimwandikie mtoto kwa wino mwekundu. Tumia kalamu ya risasi kama yeye, andika mstari mmoja, na mstari huo uwe swali: "Kwa nini uligawa mara 3?" "Ingekuwaje kama 37 ingekuwa 32?" Tahajia yake usiisahihishe humo, kwa kuwa mtoto anayeogopa kukosea herufi ataandika sentensi fupi kuliko fikira zake. Lakini pia usitumbukie upande wa pili ukafikiri kwamba kila jambo ni la kugundua mwenyewe. Yako mambo ambayo ni mapatano ya watu, na mapatano huambiwa: kwamba namba ya juu katika sehemu inaitwa kiasi na ya chini asili, kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha pale pasipo na mabano. Hayo akiyauliza, mjibu papo hapo. Mwache apambane na yale tu ambayo kwa kuchora na kufikiri anaweza kuyafikia.

Kuhusu muda, dakika 10 zinatosha, mara 3 kwa wiki, wala si baada ya mazoezi marefu akiwa amekwisha choka. Aandike tarehe juu ya kila ukurasa. Daftari la mirabaraba ni zuri zaidi kuliko la mistari, kwa kuwa safu za makumi na mamoja hukaa mahali pake, na maumbo huchoreka kwa urahisi. Siku asipokuwa na hesabu iliyomsumbua, mpe jambo la kuandikia. Atunge fumbo ambalo jibu lake ni 24, kisha atunge la pili ambalo hata halifanani na la kwanza. Akadirie kabla ya kupiga hesabu, na aandike kwa nini alikadiria hivyo. Aandike ipi kubwa kati ya 0.35 na 0.5, na amweleze mtu anayedai kwamba 0.35 ni kubwa kwa sababu 35 inazidi 5. Amweleze mtoto wa darasa la chini namna ya kuzidisha kwa 10 bila kutumia maneno "weka sifuri mwishoni". Hilo la mwisho nalipenda sana, kwa kuwa kanuni ya sifuri hufanya kazi kwa namba nzima na humwangusha mtoto siku ya kwanza anapokutana na 0.5 × 10.

Unasema hapendi kuandika. Wengi hawapendi, na mara nyingi mkono ndio unaochelewa wakati akili imekwisha fika. Aseme, wewe uandike. Ila andika maneno yake kama yalivyotoka kinywani mwake, usiyapambe, maana ukiyageuza kuwa maneno yako utakuwa unasoma fikira zako mwenyewe. Mchoro na mishale pia ni maandishi.

Sasa nije kwenye lile la kusahau, ambalo ndilo lililokufanya uniandikie. Mtoto husahau upesi kile alichokipokea tu, na hukishika zaidi kile alicholazimika kukitoa tena kichwani mwake baada ya siku kadhaa. Daftari hili lina nafasi nzuri ya kufanya kazi hiyo kama utalitumia kurudi nyuma. Baada ya wiki mbili tangu aandike ukurasa wa 52 − 37, fungua ukurasa mpya na umwombe aeleze upya namna ya kutoa, huku ule wa zamani umefunikwa. Atahangaika kidogo, mahangaiko hayo yana faida, usiyakatize haraka. Akimaliza, afungue wa zamani aulinganishe na mpya, na kwa kalamu ya rangi nyingine aandike pembeni, "Zamani nilifikiri hivi, sasa nafikiri hivi." Ukurasa ule ule uulizie tena baada ya mwezi. Kusoma tu yaliyoandikwa hakutoshi, kwa kuwa macho yanapoyatambua maneno, mtoto hudhani kwamba anajua, na wewe pia utadhani hivyo.

Usifikiri kwamba daftari kama hili ni la wanaohangaika peke yao. Carl Friedrich Gauss, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1777 na ambaye ni miongoni mwa wanahisabati wakubwa kabisa waliopata kuishi, alianza kuandika daftari lake tarehe 30 Machi 1796, kabla hajatimiza miaka 19. Jambo la kwanza aliloliandika ni kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, jambo ambalo lilikuwa halijulikani tangu enzi za Wagiriki wa kale. Aliendelea hadi mwaka 1814, akaacha maandishi 146, mengi yakiwa mafupi sana, mengine ya mstari mmoja, na tarehe zake. Hakuliandikia wasomaji, watu hawakulifahamu mpaka karibu na mwisho wa karne ya 19, ilhali yeye alikuwa amefariki mwaka 1855. Kwa kweli, yeye aliandika aliyoyagundua, wala si makosa yake, na mjukuu wangu ni mtoto wa miaka 9. Hata hivyo napenda kumfikiria kijana yule akiwahi kalamu ili wazo lisimponyoke, na kurasa hizo zikiwa zake peke yake.

Na hili la kuwa zake peke yake ulizingatie. Usilionyeshe daftari kwa wageni, usilitumie kumlinganisha na binamu zake, na ukitaka kulisoma, muombe. Mwalimu akitaka kuliona, aulizwe mtoto kwanza ni ukurasa gani angependa uonekane.

Daftari hili pia lisimwondolee kazi nyingine. Majedwali ya kuzidisha mpaka 12 × 12 lazima ayajue kwa moyo, kwa kuwa anayesimama kutafuta 7 × 8 katikati ya fumbo refu hupoteza alikokuwa anaelekea. Mazoezi ya darasani yaendelee kama kawaida.

Umeniomba nikupe jambo la kuanzia. Katika ukurasa wa kwanza mwambie ajumlishe namba witiri kwa kufuatana: 1, halafu 1 + 3, halafu 1 + 3 + 5, halafu 1 + 3 + 5 + 7, na aandike majibu yakishuka chini. Asipoona kitu, mwache mpaka siku inayofuata. Akiona kwamba 1, 4, 9 na 16 ni namba anazozifahamu, muulize kwa nini iwe hivyo kila mara, kisha mwambie ajaze mirabaraba ya daftari kwa rangi, rangi moja kwa kila namba anayoiongeza, akianzia kwenye kona ya ukurasa. Jibu lenyewe usimwambie hata akikusihi. Mwambie kwamba bibi yake anauliza swali hilo, na kwamba akikubali, ninaomba nitumiwe ukurasa huo kama ulivyo, pamoja na kila kitu alichokipiga mstari.

Ni mimi,
Mama yako.