Goti limebadilishiwa Dar, mgonjwa yuko Tabora: kliniki kwa video au kusafiri?

Mgonjwa akishabadilishiwa goti au nyonga Dar es Salaam na kurudi nyumbani Tabora, ndugu huanza kuvutana: kliniki zinazofuata aende, au aongee na daktari kwa video? Kwetu kaka zangu walikimbilia hesabu ya nauli. Mimi ndiye ninayekaa na mama, aliyebadilishiwa goti, huku Kiloleni, Tabora, na ushauri wangu ni kwamba nauli ije baadaye. Kwanza muulize daktari siku hiyo anataka kufanya nini. Akitaka kutazama na kusikiliza, simu inatosha. Akitaka kushika, kubonyeza au kuona eksirei, hapo simu peke yake haitoshi.

Kushika si jambo dogo. Karatasi za maelekezo zinasema angalia wekundu kwenye mshono, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri hata kwa macho, sembuse kwa kamera ya simu sebuleni jioni. Kwa hiyo mimi huweka mgongo wa kiganja kwenye goti lililopasuliwa, kisha kwenye lile zima, na kumweleza daktari tofauti. Goti jipya hubaki na joto na uvimbe kiasi kwa miezi kadhaa, msiogope hilo. La kuogopa ni joto na maumivu yanayozidi wakati yalipaswa kuwa yanapungua.

Wiki za mwanzo mimi niko upande wa video, ilimradi mgonjwa anaendelea vizuri. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, na kukaa saa nyingi mguu umekunjwa kwenye kiti cha basi, kipindi ambacho hatari ya damu kuganda miguuni bado iko juu, si mchezo. Kutoa nyuzi, ambako kwa kawaida hufanyika kati ya siku ya 10 na 14, kunafanyika hapa hapa mjini, mkishakubaliana na daktari aliyempasua.

Sasa video yenyewe. Mara ya kwanza mume wangu ndiye aliyeshika simu. Daktari akaamkia, "Shikamoo mama," mama akaitikia vizuri, akaambiwa apandishe gauni goti lionekane. Mama akatulia tuli. Mbele ya mkwe! Akasema tu, "Goti halijambo, mwanangu, tunamshukuru Mungu." Ikabidi mume wangu akumbuke ghafla kwamba ana shughuli nje. Chagueni mshika simu mapema.

Jambo la pili, wazee wakiona kamera hujikaza. Mama alitembea siku ile kama anayekwenda kupokea zawadi, kumbe asubuhi yake alikuwa anashikilia ukuta kwenda chooni. Tangu hapo namrekodi asubuhi, yeye mwenyewe akijua, nafungulia dirisha upande wa mwanga, naegesha simu kimo cha goti: anatembea akija na akirudi, anaketi na kuinuka kwenye kiti, kisha anakunja goti nikimrekodi kwa ubavuni. Ile ya ubavuni ndiyo inayomwonyesha daktari goti limefika wapi. Tunatuma WhatsApp kabla ya miadi, mtandao ukikatika kazi imeshafika. Goti likigoma kukunja wiki baada ya wiki, mwombeni daktari amwone ana kwa ana mapema, maana kovu likishakomaa ndani, kulilegeza ni kazi ngumu.

Kliniki ya wiki ya sita mara nyingi inahitaji eksirei. Hapa kuna njia ya kati ambayo watu huisahau: muulize daktari kama picha inaweza kupigwa Tabora na kutumwa. Akikubali, ombeni picha yenyewe kwenye CD, kwa sababu filamu iliyopigwa picha kwa simu dirishani humnyima daktari mengi. Na atoe maelekezo ya namna ya kuipiga. Kwa goti, mara nyingi wanataka mgonjwa awe amesimama.

Kuna hali zisizosubiri video wala safari ya Dar: shavu la mguu (nyama ya nyuma, chini ya goti) kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, mshono kutoa usaha, homa, au mguu kushindwa ghafla kukanyaga. Hapo ni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, mara moja, na mkifika semeni kiungo ni cha bandia. Msipitie duka la dawa kununua antibayotiki. Zikitangulia, bakteria wanaweza wasionekane kwenye maji ya goti yatakayopimwa, na daktari akabaki anakisia.

Kliniki ya mwaka mmoja mama ataenda mwenyewe: basi la Itigi mpaka Dodoma, alale, kesho yake apande treni ya SGR, ambako anaweza kuinuka na kunyoosha mguu. Daktari hakuilazimisha. Ila wajukuu wako Dar, na mama alishapanga begi kabla hatujamuuliza.