Daftari la Shamba Lilipohamia Mezani

Kwa miaka mingi daftari langu la shamba lilikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti la kazi. Nililiandika mwenyewe, nikalisoma mwenyewe. Mlikuwa na tarehe za kupanda, mbolea iliyoingia, madeni, na ahadi nilizowapa watu. Mke wangu alijua lipo ila hakuwahi kulifunua. Nami nilijiona baba mwema kabisa: naondoka hakujapambazuka, narudi giza limeshaingia, yote kwa ajili yao.

Kilichonizindua ni mahindi.

Msimu ule yalikubali kweli. Tatizo mvua ilikuwa inapiga hodi tena, na mimi nilikuwa na deni. Nikaharakisha kupukuchua na kufunga. Mke wangu akachukua punje moja, akaing'ata, akaniambia, "Baba watoto, haya bado." Nikamjibu kwamba mkulima ni mimi. Naandika hili kwa aibu, maana mistari ileile tuliipalilia wote wawili, na kazi ya kuanika ilikuwa yake tangu tuoane. Mwenye kujua punje iliyokauka ni yeye.

Wiki ya tatu nikatia mkono kwenye gunia nikakuta joto. Wenzangu mnajua maana yake. Tulipomwaga, punje zilikuwa zimeshikana kwa ukungu, harufu imejaa ghala zima. Magunia 11. Hata mifugo hatukuipa, kwa sababu mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, na ng'ombe akiila hupita hadi kwenye maziwa. Tulichimba shimo tukafukia. Hakuna aliyenisema. Ingekuwa afadhali wangenisema.

Kama huna kipimo cha unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu hivi vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, funga, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuhifadhi muda mrefu mimi huongeza siku za jua nifike asilimia 13. Na mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana, fukusi hufa kwa kukosa hewa, lakini ukifungia nafaka mbichi humo umejitafutia hasara ileile.

Basi baada ya lile shimo daftari likahamia mezani. Kila jioni ya siku ya mwisho wa juma tunakaa wote, anayejua kuandika anaandika. Jambo la kwanza tulilobadilisha ni hesabu ya kazi. Zamani niliandika fedha ya kibarua tu. Siku za mke wangu na watoto sikuziandika popote. Nguvu za nyumbani nilizichukulia kama mvua, zinashuka zenyewe. Sasa tunaandika siku ya kila mtu kwa ujira uleule ambao tungemlipa mtu wa nje. Nakushauri ujaribu msimu mmoja tu, ila jiandae. Mimi niligundua kwamba shamba kubwa la bondeni, lile ninalowaonyesha wageni, lilikuwa linatula. Kipande kidogo cha kunde nyuma ya nyumba ndicho kilichokuwa kinatubeba.

Maswali nayo yakaanza. Mwanangu wa kiume akauliza kwa nini mbolea tunaongeza kila mwaka na mahindi yanazidi kuwa membamba. Sikuwa na jibu, tukaamua kupima udongo. Tulipita shambani kwa mwendo wa zigizaga, tukachota sehemu 15, kila moja kina cha sentimita 20, tukachanganya kwenye ndoo safi ya plastiki, tukaanika kivulini, tukapeleka kama nusu kilo. Usichote penye kichuguu wala palipolala ng'ombe, utajidanganya. Majibu yakasema pH, yaani kipimo cha tindikali, ni 4.9. Udongo ulikuwa na tindikali kiasi kwamba fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea tuliyoinunua, ilikuwa inang'ang'aniwa na udongo wenyewe, mmea hauipati. Dawa haikuwa mbolea zaidi, ni chokaa ya kilimo, tena imwagwe na kuchanganywa na udongo miezi michache kabla ya kupanda kwa sababu hufanya kazi polepole. Usiimwage pamoja na mbolea ya urea. Naitrojeni iliyomo itapotelea hewani.

Kuhusu watoto nina neno moja linaloniuma. Nilikuwa na kauli yangu, "Ukifeli, jembe linakungoja." Halafu nikishangaa hawalipendi shamba! Ukimfanya mtoto aone udongo ni adhabu, usitegemee aje kuurithi kwa moyo. Binti yangu tulimpa kipande chake, apande anachotaka, auze mwenyewe. Mavuno ya kwanza nilitamani sana kumkopa. Mama yake aliniangalia tu, nikaacha.

Mipaka, hati na nani atabaki na nini, yasemeni mkiwa hai na wote mkiwepo. Jina la mke liwemo kwenye karatasi. Hapo sina la kuongeza.

Si kwamba sasa tunaelewana kila kitu. Juzi tulibishana hadi taa ikaisha mafuta: wao wanataka shamba la bondeni lipumzishwe kwa kunde msimu mzima, mimi nataka nusu. Nimeshindwa.

Na daftari lenyewe limekuwa kali kuliko nilivyotarajia. Jana nimelifunua nikakuta mwandiko wa binti yangu kwenye safu ya kazi. Mama: siku 1. Kaka: siku 1. Baba: nusu siku, mchana alikaa chini ya mwembe anaongea na simu.